Uso na Shavu

Mgeni akishalipa mia mbili na kufuta miwani yake
huniuliza lilelile: mama, upande upi mzuri?
Namwuzia ndizi kwanza.

Huku kwetu, mwendo wa saa moja juu ya Lwakhakha,
maji utayaona mazima, kuanzia utosini hadi kwenye povu.
Tumewekewa benchi mbili, uzio wa seng'enge,
na kibao cha HATARI ambacho mbayuwayu wamekihama na kukirudia.
Saa nne jua likipiga, mwamba unang'aa kama sufuria mpya
na watu hunyamaza, hata wale waliokuja na redio.

Ng'ambo hakuna benchi. Kuna utelezi.
Unashuka umeshika migomba ya watu,
hadi pale maji yanapokupita karibu na shavu
yakakunyima uso wake. Huoni. Unasikia tu,
kifuani, si masikioni,
na shati lako linalowa kama la mtu aliyelia usiku kucha.
Kiingilio hakuna, ila yupo askari, Wandeba,
hupenda sana kuulizwa kama leo ameshakunywa soda.

Mia yangu ikivuka huwa elfu mbili na mia nane,
natajirika kwa urefu wa daraja la magogo.
Ikirudi imekonda, inanuka matoke.
Simu haijui ilipo: nikiinama kupanga ndizi
hunikaribisha Uganda, nikiinuka
hunirudisha nyumbani, salio limepungua.
Mbuzi wa mzee Wekhomba huvuka kila kiangazi
akarudi na mimba, na hakuna aliyewahi kuidai ushuru.

Baba alivuka hapa enzi za kahawa ya magendo,
gunia kichwani, miguu peku, mwezi ukiwa mdogo.
Nilimuuliza maporomoko yalikuwaje wakati ule.
"Sikuyaona hata siku moja," alisema.
"Yakinguruma kulia, naenda.
Yakinguruma kushoto, narudi."
Pande mbili kwake zilikuwa masikio yake.

Basi upi mzuri?
Miaka kumi na tisa nimekalia gunia hili
na nililogundua silisemi mbele ya mkata tiketi:
uzuri tunaoutoza mia mbili si wetu.
Tunautazama mwamba wao, kangaga lao,
ule mti wao uliopindama kama mtu anayenawa.
Huu wetu tunaukalia. Wanaouona ni wao.
Ukitaka kujua Kenya inapendeza vipi
nenda kasimame Uganda, ulowe.

Dada yangu Nabwile anauona kila asubuhi.
Nyumba ile ya mabati, yenye mlango wa buluu, ndiyo yake.
Aliolewa kwa akina Mugide; lugha yao ni yetu
iliyokunjwa kidogo pembeni.
Kuitana haiwezekani, maji hula maneno,
na kupiga simu kuvuka mto ni kununua ng'ombe.
Kwa hiyo tunaanika.
Leso nyekundu: kuna homa.
Nyeupe: nimepika, njoo.
Mbili pamoja: mtoto amezaliwa, na mama yake hajambo.
Siku mama yetu alipotutoka nilianika shuka lake mwenyewe,
lile la maua ya zambarau, hata sikulifua.
Hatukuwa tumepatana juu ya zambarau.
Nabwile alifika kabla ya saa sita, kiatu kimoja mkononi.

Leo asubuhi mgeni alikuwa bado anahesabu chenji
nilipoinua macho kule ng'ambo.
Kwenye kamba ya Nabwile kulikuwa na kitambaa cha kijani.
Kimoja tu, katikati, kimebanwa kwa vibanio vinne.

Kijani hatujawahi kukitumia.

Nimefunika ndizi kwa gunia.
Mgeni ananiuliza tena upande upi,
nami tayari nimekunja rinda, nashuka,
nikisikiliza ngurumo iko sikio gani.